Mimba ya Miaka Kumi na Moja

Mnadani Hombolo muuza dagaa aliniuliza,
"Mama, unajifungua lini?"
Nikamjibu: hii iko darasa la tano.
Akacheka. Mimi sikucheka.

Nyemo walimtoa kwa kisu, usiku, umeme umekatika,
muuguzi akimulika kwa tochi ya simu.
Mtoto alilia. Kidonda nacho kililia,
wiki tatu kililia usaha,
kikafumba mdomo shingo upande,
na pale kilipofumba vibaya, chini kwa chini,
ukuta ukaachia.

Kwanza ilikuwa yai la kanga, nikikohoa tu.
Kisha boga.
Kisha ikaninyima miguu yangu: nikisimama sioni vidole.
Usiku niliyasikia matumbo yakitembea nje ya nyumba yao,
yakinguruma chini ya ngozi
iliyobaki nyembamba kama ganda la kitunguu.

Khanga mbili: ya ndani ikaze, ya nje idanganye.

Na muheme hubanwa kwa mapaja.
Yangu nilimpa wifi yangu, Sechelela.
Anaipiga vizuri.
Hilo nalo liliniuma.

Daktari Kisanga alinilaza chali, akasema inua kichwa.
Mkono wake ukazama. Akapima tundu kwa vidole,
viwili, vitatu, vinne, akaongeza mkono wa pili.
"Nikishona tu, nitakuwa nashona kitambaa kilichooza.
Uzi utakata, tutarudi palepale.
Tutaweka wavu."

Wavu! Mimi Mgogo. Samaki wangu ni wa Bahi,
mwaka wa mvua, tena wa kununua.
Akanionyesha kipande:
cheupe, chepesi kuliko chandarua.
Nikakipuliza. Pumzi ikapita.
Hiki ndicho kitazuia utumbo?
"Si hiki. Ni wewe. Nyama yako itaota,
itapenya matundu haya na kushika,
kama mzabibu kwenye waya."

Hapo angenyamaza tu, nilishaelewa.
Miaka ishirini nakaza waya shambani.
Waya haushiki mche. Mche ndio unaoshika.

Wavu haukuwepo stoo. Tukauza mbuzi wanne,
na zabibu zikiwa bado chachu.
Chilongola alihesabu noti juu ya kitanda cha wodi
mara mbili, polepole, kama anayeziaga.

Niliambiwa nihesabu kurudi nyuma. Nilifika saba.
Yaliyofuata nimesimuliwa:
matumbo yalirudishwa zizini, mengine kwa ubishi;
kovu la zamani likakatwa, likatupwa;
wavu ukatandikwa nyuma ya misuli
kama mkeka unaotangulia wageni;
na misuli, kulia na kushoto, ikavutwa mpaka katikati
ikasalimiana.

Nilipoamka pumzi ilikuwa fupi.
Nyumba imejaa, nikawaza,
wote wamerudi kwa mkupuo.
Mipira miwili ilitoka ubavuni, ikidondosha maji mekundu chupani;
muuguzi akija kuandika kiasi chake, kimya, kama karani wa mnada.
Ukikohoa, kumbatia mto.
Ukicheka, kumbatia mto.
Kwa hiyo Sechelela alikatazwa kuja kunitazama.

Sasa ni mwezi wa pili. Nimekatazwa ndoo, mchi, jembe,
na kubeba watoto wa watu.
Nyemo ndiye anachota maji. Hufika amelowa, ndoo nusu,
akalitazama tumbo
kama mtu anayetazama kiwanja palipokuwa na nyumba.
"Mama, ilikwenda wapi?"
Haikwenda, mwanangu. Imeingia ndani.

Vidole vyangu vya miguu nimeviona.
Vimezeeka bila mimi.

Jioni Sechelela akianza kupiga, huko kwao ng'ambo ya shamba,
mapaja yangu hubana hewa.
Chini ya mkanda kuna mahali, upana wa kiganja,
ngozi haisikii kitu. Watasema ni ganzi, itatoka,
au haitatoka.
Nagonga hapo kwa vidole viwili, nikifuata mdundo wake.
Anakosea, mara ya tatu leo.
Nagonga vilivyo sahihi.